Mkebe Niliokutumia Ulikuwa na Miche Mingapi

Kambini, chini ya Got Maduong',
Homa Bay.
Jumanne asubuhi.

Boke mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka chini chochote ulichoshika, uende nyuma ya jiko uangalie ule mkebe wa mafuta ya kupikia niliokutumia na Marwa, wenye mmea ndani. Kama upo, usiuguse, rudi usome. Kama haupo, rudi usome pia, lakini uketi.

Sasa nikusalimu kama mtu na mtoto wake. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa nyanya yako umepunguka kufura, ama bado anaufunga na kile kitambaa na kusema ni baridi tu? Chacha amewacha kukohoa asubuhi? Mwambie asilale na shati lililonyeshewa. Mimi mwili uko sawa, chakula kinapita, lakini roho yangu haijakaa mahali pake tangu Jumapili ya juzi, na nitakueleza kwa nini.

Nimekupigia simu hadi nimechoka. Yule dada wa ndani ya simu ananiambia tu hupatikani. Najua simu yako ni ile ya kufungwa na raba, labda imekufa kabisa. Hapa kambini netiweki iko mahali pamoja tu, juu ya jiwe moja kubwa njia ya kwenda kisimani, na ukisimama pale ukiongea kila mtu anayechota maji anakusikia. Mambo ya barua hii si ya kupiga kelele juu ya jiwe. Ndiyo nimeandika. Barua msomee nyanya yako kwa Kikuria, polepole, usiruke mahali. Unajua mimi kuandika nilifundishwa kwenye ngumbaru ya kanisa, kwa Kiswahili. Kikuria changu kinaishi mdomoni tu.

Nilikuambia kazi yangu hapa ni kupikia Daktari Awuor na watu wake. Si daktari wa sindano, ni daktari wa maua. Wanatafuta ua moja dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la kondoo, linaota juu kabisa kwenye nyufa za mawe. Chini hulioni, hata ukimwagia maji kila siku. Kuna vilima viwili. Huu mkubwa tunaokaa chini yake wenyewe wanauita Got Maduong', na ule mdogo ng'ambo wanauita Got Matin. Katikati ni bonde la mahindi, na mabati ya watu, na barabara ya kwenda Rodi Kopany. Ukisimama juu ya mmoja unaona mwingine kama jirani anaanika nguo. Kwa mkubwa maua ni mengi, unaweza kukanyaga usipoangalia. Kwa mdogo Daktari alihesabu kumi na moja.

Mara ya kwanza tulipopanda ule mdogo, mimi nikiwa na chupa ya chai na mandazi, Daktari alichuchumaa mbele ya hayo kumi na moja akayahesabu tena. Halafu akasema, "Wamebaki wapweke, Mama Boke. Wanaisha." Akachukua jani moja dogo kwa kila mmoja, akatia kwenye mfuko wa karatasi wenye punje zinazokunywa maji, akaandika. Akatuambia sote, tusichume ua hata moja, la huku wala la kule. Tukasema sawa.

Mwanangu, mimi sikuchuma. Hilo lijue kwanza.

Daktari alienda Nairobi na hayo majani, akatuachia kambi. Ikafika Jumapili, mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo umelainika. Nikakaa nikiwafikiria wale kumi na moja. Wewe unajua kwetu tulivyo. Mwanamke akipita shambani kwa mwenzake akaona viazi vimekufa na jua, kesho yake anarudi na marando kichwani. Haulizi. Akiuliza anakuwa amemwaibisha. Nyanya yako mwenyewe amejaza viazi vyake kijiji kizima kwa njia hiyo. Nikasema, huku kwa mkubwa watoto wamejaa hadi wanaota njiani, na mwenzao kule anafunga mlango. Nikachukua kijiko kikubwa cha ugali na sufuria, nikapanda Got Maduong', nikang'oa miche pamoja na mizizi na udongo wake, taratibu, kama unavyohamisha sukuma wiki. Nikavuka bonde, nikapanda ule mdogo. Nikawapanda katikati ya wale wapweke, nikawashindilia na vidole, nikawaambia, haya, mna wageni.

Nilishuka nikiwa na furaha, Boke. Nakuambia nilikuwa naimba.

Mmea mwingine nikautia kwenye mkebe kwa ajili yako, kwa sababu nilikukumbuka. Jumatatu Marwa alikuwa anapita kununua njugu akirudi Migori, nikampa. Hapo ndipo penye taabu yangu yote, lakini ngoja nifike kwa mpango.

Zikapita wiki tatu. Mvua ikaendelea. Jumapili hiyo ya juzi Daktari akarudi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata mtoto. Tulikuwa tunakula, yeye, na wale vijana wawili wa chuo, na Min Atieno, yaani Mama Atieno, anayetuletea maji. Min Atieno ni yule nilikuambia hawezi kukaa bila kunichokoza, ananiita Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Daktari akasema, majani yamesomwa.

"Yamesema nini?" Min Atieno akauliza. "Ama yamesema Nyar Kuria anatia chumvi nyingi?"

"Yamesema ukoo wao," Daktari akasema. Akatueleza, na mimi nitakueleza vile nilivyoshika. Zamani sana, kabla mtu yeyote hajalima hapa, kulikuwa na baridi, na ua hili lilikaa chini kote, hata hapa penye mahindi. Joto lilipokuja likakimbia juu. Lililokuwa karibu na mlima huu likapanda huu, lingine likapanda ule. Chini kukawa joto, njia ikafungwa.

"Kwani hapo ni mbali?" Min Atieno akasema. "Mimi navuka hilo bonde na mtungi kichwani."

"Wewe una miguu. Mbegu yake ni nzito, inaanguka hapo hapo miguuni pa mama yake. Na nyuki anayelitembelea hapendi kushuka kwenye joto."

"Basi ni kama mimi, tangu niolewe sijapita Rodi Kopany."

Tukacheka, hata mimi nilicheka. Halafu Daktari akasema, wale wa Got Matin si ndugu wa hawa wa hapa. Wanafanana sura tu. Waliachana zamani hata hakuna jina la kuita huo wakati. Ndugu zao wa karibu wako milima ya mbali, safari ya siku nzima kwa gari, na hata hao hawako sawa nao kabisa. "Ile ni nyumba peke yake," akasema. "Kumi na moja wakiisha, nyumba imefungwa, na hakuna mahali popote duniani utaipata tena."

Mkono wangu ukabaki ndani ya ugali.

Nikauliza, sauti yangu nikaisikia kama ya mtu mwingine, "Na wa mlima huu wakipelekwa kule wakae nao?"

Daktari akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo ningeogopa zaidi ya mbuzi na moto. Nyuki akibeba chavua ya huyu akampaka yule, mbegu inatoka ya mchanganyiko. Wale ni wachache mno. Baada ya vizazi vichache hutajua tena walikuwa akina nani."

Boke, wewe unajua mimi niliolewa vipi, lakini sijawahi kukueleza nilivyohisi. Nyanya yako hakuzaa mtoto wa kiume. Watu walishaanza kuita boma lake kwa jina la shemeji yake, akiwa hai, akisikia. Akaenda kwetu na ng'ombe wake mwenyewe akanioa kwa jina la mwana ambaye hakumzaa, ili mlango wake usifungwe. Nilikuwa msichana, nililia njia nzima. Lakini siku ulipozaliwa wewe alikushika akakuita kwa jina la mama yake, akaketi chini na wewe, na hakunyanyuka hadi jua likageuka. Siku hiyo ndiyo nilielewa nyumba ni kitu gani. Sasa mimi, niliyeletwa kufungua mlango wa mtu, nimeenda kufunga mlango wa wengine, tena kwa mikono yangu na kijiko cha ugali.

Siku mbili sikusema. Nitakuambia ukweli, sikusema kwa sababu ya woga. Nilifikiria kupanda peke yangu niwang'oe kimya kimya. Nikapanda kweli, nikijifanya natafuta kuni. Nilipofika juu niliinama kuwatafuta. Mvua ilikuwa imeleta watoto wapya kila mahali. Wakubwa kumi na moja nawajua, lakini miche midogo ilikuwa mingi, na yangu imeshika, imenyooka, inafanana na yote. Na machipukizi ya maua yalikuwa yameanza kufunguka, nyuki watatu wanne wanazunguka. Nilifukuza nyuki kwa leso, Boke. Mtu mzima, nikiruka juu ya mawe kama mwendawazimu, nikijua nikishuka watarudi.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea Daktari uji. Nikabaki nimesimama.

"Nini, Mama Boke? Kuna mgonjwa nyumbani?"

"Hapana. Ni mimi niliwapeleka."

"Ulipeleka nini?"

"Wa huku. Nikawapanda kule kwa wapweke. Ulipokuwa Nairobi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka kikombe chini, polepole sana, akakitazama. Halafu akauliza, "Wangapi?"

"Saba," nikasema.

"Twende."

Tulipanda bila chai, yeye mbele, mimi nyuma, na Min Atieno aliyetufuata bila kuitwa. Njiani nilikumbuka kitu, nikamwambia. Niliwang'oa na udongo wao. Udongo wa Got Maduong' ni mwekundu kama wa kwetu, na wa Got Matin ni mweusi kama majivu yaliyoloa. Daktari akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi tutatafuta kwa vidole," akasema.

Tukatafuta. Unachimbua kidogo pembeni mwa shina, usiguse mzizi, unaangalia rangi. Mweusi, unarudisha, unashindilia. Mweusi tena. Nilikuwa naomba moyoni bila maneno. Wa kwanza alipoonekana mwekundu, Min Atieno alisema, "Huyu hapa mkwe wa Nyar Kuria," na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Tulipata wawili, watatu, jua likapanda. Mchana tukawa na sita. Tukawatia kwenye sufuria ile ile niliyowaletea.

Wa saba hatukumpata. Tulirudia jiwe kwa jiwe hadi vidole vikatoka damu. Pengine mvua imesomba udongo wake. Nakumbuka pia kuna mmoja aliyedondosha udongo wote nikimpanda. Pengine huyo ndiye, na sasa amesimama katika udongo mweusi kama mwenyeji.

Daktari amechukua majani ya miche yote akayapeleka Nairobi, lakini majibu yatachukua wiki nyingi, na nyuki hawangoji. Kwa hivyo tumefunika kila mmoja, wazee na watoto, kwa vipande vya neti. Neti yangu ya mbu ndiyo ilikatwa kwanza, mimi mwenyewe niliitoa. Sasa mbu wananila, wacha wanile. Lakini ubaya ni huu. Ua lililofunikwa halitembelewi, na lisipotembelewa halizai. Wale wazee, wengine shina limekuwa gumu kama kuni. Daktari anasema hajui kama wataona mvua nyingine. Tukiacha neti, nyumba haizai mwaka huu. Tukitoa neti na wa saba yuko ndani, nyumba inachafuka. Kila siku napanda, naketi kati yao, nyuki wanagonga nje ya neti wakitafuta mlango, na mimi ndiye nimewafungia.

Nilimuuliza Daktari kama atanifukuza. Akasema, "Ungenificha ningekufukuza." Lakini wakubwa wake Nairobi bado hawajajua, na yeye mwenyewe siku hizi anakula kidogo, anaacha nusu. Mimi ndiye ninayeosha sahani, naona.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo unaingia wewe. Juzi nikiwa nachambua omena, hesabu ilinijia. Siku ile niking'oa nilihesabu kwa vidole. Nilikunja vyote nikaacha gumba mbili zimesimama. Hiyo ni minane, si saba. Hilo nina hakika nalo kama jina langu. Minane ilitoka Got Maduong'. Mingine ikaenda Got Matin, mingine kwenye mkebe wako. Mimi nilisema saba kwa sababu nilijiambia nimekutumia mmoja. Lakini nakumbuka pia miche miwili midogo iliyokuwa imeshikana mizizi, na sikumbuki kama hiyo ndiyo niliyokuwekea wewe. Nimejaribu kuona mkono wangu ukiitia. Nauona mkebe, nauona udongo, nafika hapo macho yanafunga. Nimemuuliza Marwa kwa kuzunguka, anasema aliona majani tu.

Kama mkebe wako ulikuwa na miwili, basi nilipanda sita, na sita tumeipata. Mlima ni safi, na Daktari ameniambia atatoa neti siku hiyo hiyo. Kama ulikuwa na mmoja, wa saba yuko kule.

Basi uende, uchimbue na vidole, si jembe. Fuata kila shina hadi mzizini, maana iliyoshikana inaonekana mmoja kwa juu. Kama umekauka pia angalia, mzizi hausemi uongo. Kama mbuzi amekula, tafuta kisiki. Muulize nyanya yako kama aligawa. Hilo ndilo naogopa zaidi, kwa sababu namjua, akiona mmea mzuri anakata kipande anampa wa kwanza anayepita. Mwambie hakuna anayemkasirikia, aseme tu alimpa nani, uende huko uhesabu pia. Halafu usiupande popote, wala kwenye kilima cha kwetu, wala kaburini, wala mlangoni. Ukae kwenye mkebe hadi nije.

Nilisema mwisho wa mwezi nitakuja. Sitakuja, mwanangu. Nimeambiwa naweza, lakini nitakaaje huko nikila ugali wenu, na huku neti zimefunga?

Marwa aliyekuletea barua hii atangoja mlangoni akiwa na simu yake. Usimpe barua asome, ni mtu mzuri lakini mdomo wake ni redio. Tumia simu yake unitumie meseji.

Na hapa ndipo ninakuogopa wewe. Nakujua, Boke. Ulipokuwa mdogo nikiwa na homa uliniambia umekula, na hukuwa umekula. Wewe ukijua mama yako anaogopa, unampa kile anachotaka kusikia. Safari hii usinionee huruma. Nihesabie kama mtu asiyenijua. Nyanya yako naye ahesabu, bila wewe kumwambia umepata ngapi, ndipo mlinganishe. Ukinidanganya kwa upendo, mimi nitacheka siku moja, na wale kule hawatakuwa na mtu wa kuwatetea.

Msalimie nyanya yako, mama aliyenioa, mwambie namkumbuka kila nikifunga leso. Msalimie Chacha mdogo wako, na shangazi yako wa pale mtoni, na yule jirani anayetukamulia maziwa. Mwombe mwalimu wangu wa ngumbaru aniombee, lakini usimwambie sababu. Min Atieno anasema nikusalimie, anasema kama unafanana na mimi usiletwe karibu na mlima wowote.

Meseji isiwe na salamu. Usiandike mama usijali. Andika moja, ama andika mbili. Nitapanda kwenye lile jiwe kila asubuhi kabla wachota maji hawajafika, na nikiifungua nitakuwa nimeketi.

Ni mimi mama yako,
Robi.